Kwenda Thika Kuupima Mguu wa Bwana Labda

Nilikwenda Thika kwa sababu ya mguu wa mtu. Mtu mwenyewe alikuwa Mzungu, meneja wa shamba la kahawa hapa Ruiru, na kabla ya kuja huku aliwahi kuichezea nchi yake raga. Alicheza katikati, pale ambapo mpira ukitoka kwenye rundo la wanaosukumana, mtu mmoja huamua upigwe, upitishwe au ukimbizwe. Wanawake waliochuma kahawa yake walimwita Bwana Labda, na jina likashika. Jumamosi moja alipiga mpira kutoka hatua hamsini ukapita katikati ya milingoti kama uliotumwa dukani. Jumamosi iliyofuata alikosa akiwa mbele ya milingoti kabisa, mahali ambapo hata mimi na viatu vyangu vya mpira ningefunga.

Mimi nilikuwa mtunza uwanja wa klabu. Nyasi, chokaa na milingoti vilikuwa mikononi mwangu. Bwana Labda alipokosa wiki tatu mfululizo na kuulizwa kwa nini, hakuutazama mguu wake. "Karanja, hii milingoti yako napinda," akasema mbele ya kamati. Nikaleta timazi, ule uzi wenye kichuma ambao waashi hunyooshea kuta, nikapima. Milingoti ilikuwa wima, lakini hakuna aliyejisumbua kusogea kutazama. Katibu akaniambia kwamba mechi inayofuata ni Thika, ya kuchagua timu itakayocheza na wageni kutoka ng'ambo. Bwana akifunga vizuri kule, basi kosa ni la uwanja wangu, nami nitafute kazi kwingine. Nilikuwa na watoto wanne, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya klabu. Nikaomba niende nikajionee. Alinipa ndoo na sponji za kuwahudumia wachezaji, na barua ya njia, kwa kuwa miaka ile ya Hali ya Hatari Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda Thika bila karatasi.

Saa moja asubuhi nilipanda baiskeli, ndoo ikigongana na mpini. Karibu na Juja, katikati ya mashamba ya mkonge, nilikuta kizuizi. Askari alisoma barua, akanipekua mifuko, akaitoa timazi.

"Hii ni nini?"

"Timazi, afande. Ya kupimia milingoti ya mchezo. Kuna bwana akipiga mpira haupiti."

"Na wewe unafikiri ni milingoti?"

"Mimi nina watoto wanne, afande. Sifikiri kitu."

Alicheka, akanirudishia, akanifungulia njia.

Saa nne nilifika Makongeni, nyumbani kwa Njoroge, ndugu wa mke wangu. Yeye ndiye aliyetunza uwanja wa Thika. Kwetu mtu kama huyo ni muthoni wako, na muthoni hatiwi aibu. Humkatizi maneno, huketi ovyo mbele yake, na ukiona shati lake limechanika, hukuona.

"Karibu, muthoni. Dada yangu hajambo?"

"Hajambo. Anawasalimia sana."

Mkewe alitupa chai na viazi vitamu, tukala polepole kwa adabu, kisha tukaenda uwanjani kupiga chokaa. Alipokwenda kuchota maji, nilifanya jambo lisilofaa. Nilichomoa timazi nikaipimia milingoti yake. Wa kulia ulikuwa wima. Wa kushoto ulikuwa umeinama upande wa nje, vidole vitatu. Nilipogeuka, Njoroge alikuwa amesimama na debe lake, akiutazama uzi mkononi mwangu. Nikaukunja uzi nikautia mfukoni. Tukapiga chokaa kimya hadi kazi ikaisha.

Saa kumi filimbi ililia. Bwana Labda alianza kama kawaida yake, yaani huwezi kusema. Mpira wa kwanza, wenzake wanne wakiwa wazi upande mmoja, aliupiga nje ukaangukia boneti ya gari la mtu. Wa pili alikimbia nao akawapita watu watatu, nikasahau nina ndoo. Wa tatu ukamponyoka kifuani. Ndipo Thika wakafanya kosa, akapewa mpigo mbele ya milingoti, hatua ishirini tu. Alichimba kishimo kwa kisigino, akausimamisha mpira. Akatazama milingoti, akatazama mpira, akatazama milingoti tena. Nasema wazi, niliomba akose. Akapiga, mpira ukapita nje upande wa kulia, mbali.

Akainua mkono. "Hii milingoti pia napinda!"

Nahodha wake alikuwa amechoka na maneno hayo. "Karanja, lete ile kamba yako," akasema, na mchezo ukasimama.

Nilivuka uwanja ule na uzi wangu. Nikisema milingoti ni wima, uzi utaniumbua mbele ya watu. Nikisema mmoja umepinda, nimemvua nguo muthoni wangu na kumpa Bwana Labda ushahidi wa kunifukuzia, maana atasema hata Ruiru kosa lilikuwa la milingoti. Nikaushusha uzi. Nahodha aliinama kutazama, na Bwana Labda naye.

"Mlingoti wa kushoto umeinama nje vidole vitatu, bwana," nikasema.

Bwana Labda akashika kiuno, akatabasamu.

"Kwa hiyo lango limeongezeka upana," nikaendelea. "Na mpira umepita kulia, kwenye mlingoti ulio wima, umeukosa kwa hatua tano."

Nahodha ndiye aliyeanza kucheka, kisha timu zote mbili. Bwana Labda akawa mwekundu hadi shingoni. Alipiga mara mbili tena jioni ile, akakosa zote.

Saa kumi na mbili kasoro nilimfuata Njoroge alikokuwa akikunja bendera.

"Muthoni, nimekukosea. Nimekutia aibu mbele ya watu."

"Ulipima asubuhi," akasema. "Ungeniambia asubuhi ningeunyoosha, tulikuwa na mchana mzima. Ulinyamaza ukidhani unaniheshimu."

Nililala kwake. Asubuhi alinipa kikapu cha maembe nimpelekee dada yake, akanisindikiza hadi barabarani.

Jumapili nilirudi Ruiru, na njia nzima maneno yake hayakuniacha. Miaka miwili nilikuwa nimesimama nyuma ya milingoti na kuona kinachomkosesha Bwana Labda: anainua kichwa kabla mguu haujafika kwenye mpira. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua majina ya wanangu, na sikumwambia. Niliuita ukimya huo adabu. Kusema kweli, nilikuwa nafurahia kumcheka jioni na wenzangu.

Wiki ile majina ya timu yalitoka, lake halikuwamo. Katibu hakunitajia tena habari ya kutafuta kazi. Siku ya pili yake, jioni, Bwana Labda alikuja uwanjani peke yake na mpira kwapani. Nikaweka fyekeo chini.

"Bwana anainua kichwa mapema," nikamwambia. "Tangu zamani."

Nikadhani nimejifukuzisha mwenyewe. Kisha akachimba kishimo chake, akaweka mpira, akapiga. Ukapita nje, kushoto. Milingoti ilikuwa mbele yake, nami nilikuwa ubavuni, tayari kulaumiwa.

"Hii nakosa mimi," akasema, akaufuata mpira mwenyewe.