Makaburi Kwenye Picha ya Kibanja

Juzi, kwenye duka la fremu za picha Muleba, bwana mwenye suti alifika na shangazi yake kuchukua picha ya kibanja chao cha Izigo, shamba la urithi wa ukoo. Mchoraji wa dukani hapo alikuwa ameichora kwa rangi za maji: migomba, mibuni, na katikati makaburi ya wazee.

"Toa makaburi," bwana akasema. "Mnunuzi wa kibanja akiyaona atakimbia."

"Rangi ya maji haifutiki, kaka," mchoraji akajibu.

"Basi yafunike kwa migomba!"

Shangazi akanyoosha kidole juu ya kaburi moja bila kuligusa. "Baba yangu umemweka palepale alipolala, mwanangu," akamwambia mchoraji. "Sasa mchore na huyu mjukuu wake anayemuuza."

Picha aliibeba shangazi. Wengi tunamsifu mchoraji anayechora vitu kama vilivyo, hadi achore kile tunachotaka kukiuza.