Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni Nyekundu

Leo wanafunzi wangu walikuwa na mirija miwili ya kioo, mmoja wa alkoholi, mwingine wa fenoli. Wakadondoshea kloridi ya chuma katika yote miwili. Wa alkoholi ulibaki vilevile. Wa fenoli uligeuka zambarau, na harufu yake ikanifikia nilipokaa: sabuni nyekundu ya dispensari.

Enzi za Mwingereza nilirudi likizo yangu ya kwanza kutoka shule ya bweni, kwa miguu, hadi kwetu chini ya mlima Hanang. Njia nzima nilitamani maziwa ya kibuyu cha mama. Kibuyu hicho alikuwa akikifukiza kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori, na maziwa yalikuwa na ladha ya moshi iliyokaa kooni hadi jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, unywe."

Nilipoinua kibuyu, moshi haukuwepo. Kilinuka kama dispensari.

"Nimekiosha kwa sabuni, kama huko kwenu shuleni," alisema. Alikuwa ameifuata mpaka dukani Katesh. "Nasikia moshi mnauita uchafu."

Kwetu maziwa unayopewa na mama hayaachwi. Niliyanywa mpaka tone la mwisho, naye akiniangalia.

"Umeyapenda," alisema, akatabasamu.

Kila likizo baada ya hapo alikiosha kwa sabuni.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama fenoli hupatikana pia nje ya maabara. Nikamjibu kwamba imo hata kwenye moshi wa kuni, kisha nikaenda kufungua dirisha.