Uma Kumi za Firmin

Firmin Le Guennec hakutaka kusikia kwamba macho yake yamekwisha. Mimi, mpishi wa michuzi, niliyefanya kazi hatua tatu kutoka kwake, nilijua. Dada yake Solange, mpiga pasi wa vitambaa vya meza, alijua pia. Tulinyamaza. Ilibaki Jumanne moja tu, ile ya Novemba, siku ya Tuzo yake ya thelathini akiwa mpanga meza, kisha astaafu na heshima zake.

Tuzo hiyo ya vitabu imepewa jina la ndugu wawili walioandika pamoja mpaka mdogo akafa, mkubwa akaendelea peke yake. Waamuzi wake kumi hula kwetu mgahawani, ghorofani, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Kila mmoja ana uma wake, uliochongwa majina ya wote waliokalia kiti chake: marehemu juu, aliye hai chini kabisa. Firmin ndiye aliyezing'arisha na kuzipanga.

"Kaka, leo niachie mimi," Solange alimwambia asubuhi.

"Shughulika na pasi yako. Mimi nina dole gumba."

Kweli, majina aliyasoma kwa dole gumba. Akapanda na sanduku lake la uma, akashuka anapiga mluzi.

Mshindi alipokwisha kutangazwa na waamuzi kuanza kula, Bwana Ravier, bosi wetu, alishuka na uma mbili mkononi. Kiti cha nne kilikuwa kimepewa uma wa kiti cha saba.

"Ni mimi, bosi," Solange akawahi. "Nilimwomba kaka anipishe."

"Mwongo huyo. Tangu utotoni hajui kudanganya." Firmin alizipapasa zile uma. "Nimepanga mimi. Majina hayashikiki tena. Nimeyafuta mwenyewe kwa kusugua."

Ravier akaketi juu ya kreti la viazi.

"Firmin, tangu Pasaka napita nyuma yako nikizirudisha mahali pake. Leo waandishi wa habari wamening'ang'ania mlangoni, sikuwahi."

Nilitamani kumchapa mwiko. Siri kaitunza miezi yote hiyo, kwa nini asiimeze na leo?

"Kumbe tangu Pasaka sijapanga meza," Firmin alisema.

Niliona aibu, maana na mimi nilikuwa nimemficha.

Baada ya kahawa uma zilishuka, zikaoshwa. Zilitakiwa kurudi sandukuni, kila moja kwenye nafasi yake. Firmin akamsogezea dada yake uma zote, sanduku akaliweka mbele yake mwenyewe.

"Soma, mdogo wangu."

Solange akasoma jina la chini, la aliye hai. Firmin akaupokea uma, akaweka dole gumba pale palipolainika, akataja aliyetangulia, na aliyemtangulia huyo, mpaka wa kwanza kabisa. Hakuruka hata mmoja. Akaulaza sandukuni, akanyoosha mkono apewe mwingine.

Ravier aliitwa juu mara mbili. Alibaki kwenye kreti lake, na mimi nikavua kofia yangu ya kazi, mpaka uma wa kumi.