Mchaichai Ulioshiba Samadi

Mnisamehe kwa mwandiko unaopinda na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na sentensi moja hunichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Chai yenyewe ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Mimi ni mtu wa aibu. Hapa Rwamgasa kaka yangu huzama duarani, shimo refu la machimbo, kutafuta dhahabu, na alinipa mwaka mmoja: mchaichai wangu usiponilisha, nitazama naye. Mimi hata chini ya kitanda sipendi kuingia. Mteja wangu alikuwa mmoja tu, mama ntilie anayewapikia wachimbaji chai.

Mchaichai ulikua polepole. Mama yangu akanishauri niuhamishie kwenye zizi la zamani. Kwetu Wasukuma samadi inaheshimiwa kuliko diwani, maana yenyewe huleta matokeo. Nikahamisha mashina yote isipokuwa moja la ovyo, lililojishikiza kwenye kokoto karibu na choo. Kila wiki mama aliongeza ndoo nyingine ya samadi. Majani yakanifika kifuani, mapana, yanang'aa. Baba akayatolea shukrani kwenye sala ya jioni. Nadhani Mungu alitazama pembeni, maana alishajua.

Nikakata mzigo, nikapeleka. Mchimbaji mmoja akaonja chai, akatema.

"Mama, leo umetuchemshia malisho?"

"Kunywa wewe, huo ni mchaichai."

"Basi ulikufa zamani, na haya ni maji yaliyouosha."

Wenzake wakacheka. Mama ntilie akanivuta nyuma ya jiko. "Mwanangu, majani yako yamenenepa kama mwenyekiti wetu, na faida yake ni ileile. Kesho ukileta yasiyonukia, usirudi tena."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Nyumbani nikafikicha jani baada ya jani pale zizini. Yote yalinuka nyasi mbichi. Kwa hasira nikaenda kunyofoa jani la lile shina la ovyo. Lilikuwa jembamba, gumu, ncha imekauka. Harufu yake ikanipanda puani mpaka nikapiga chafya. Kumbe ule wa zizini tulikuwa tumeushibisha hadi ukasahau kunukia!

Kesho yake nikapeleka kifungu kidogo. Mama ntilie akanusa, akatumbukiza sufuriani.

"Umeutoa wapi huu?"

"Nyumbani," nikasema. Choo sikukitaja.

Yule mchimbaji akanywa vikombe viwili. "Panda mwingi wa huu," mama ntilie akaniambia.

Sasa nimeligawa shina lile na kulipanda kwenye kokoto. Nikishavuna, kila shina nalipatia konzi moja ya samadi iliyooza, basi. Taa ya kichwani ya kuzamia duarani, aliyoniwekea kaka, ingali inaning'inia msumarini, inakula vumbi. Tatizo ni mama. Jana nimemkuta tena na ndoo.

"Mayu, acha!"

"Yaani uache mmea ufe njaa na ng'ombe tunao?"

Wewe unayepanda mchaichai, mrehani au mnanaa, tafadhali niandikie. Niambie unaweka samadi kiasi gani, na mama yako unamzuiaje.