Wanaohamia Arusha pitieni hapa: nilivyofanywa mzee kabla ya umri wangu, nusura nikose mke

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, wa pwani na wa bara.

Naomba mnivumilie kidogo leo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mwili huu huu, na mashahidi wapo Levolosi. Anayedhani ni chai aje, nitamkaribisha maziwa, kisha aulize mwenyewe.

Picha hamtapata. Mwenye kamera huku ni Mjerumani mmoja tu wa pale bomani, na yeye hapigi picha watu wanaocheka. Kisa hiki hata mimi mwenyewe siwezi kukisimulia bila watu kucheka.

Twende.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Pangani, jina Bakari. Nilipanda huku na msafara wa mfanyabiashara mmoja, boma la Mjerumani likiwa bado linanuka chokaa mbichi. Niliambiwa maaskari wanatafuta wa kuwashonea, tena Arusha ni nchi ya maziwa na ndizi.

Habari ya baridi hakuna aliyeitaja.

Nilikuja na kanzu na kikoi, nikajiona nimejiandaa. Asubuhi ya kwanza nafungua mdomo nitoe salamu, ukatoka moshi. Nilidhani naungua ndani kwa ndani. Nikaufunga mdomo haraka, wenyeji wakadhani nina dharau.

Kwa hiyo wewe unayefunga mizigo sasa hivi, acha uturi, beba blanketi.

Chakula nacho kina somo lake. Samaki sahau. Nazi sahau. Mwenyeji akikuona unatafuna samaki mkavu uliyetoka naye kwenu, anakuangalia kama umeshika nyoka. Utakula ndizi, utakunywa maziwa, utakula loshoro, yaani mahindi na ndizi vilivyopondwa na maziwa ya mgando. Mwanzoni nilikuwa nakula nimefumba macho. Siku hizi nikikosa loshoro nanuna.

Wakikuletea damu ya ng'ombe, sema dini yako hairuhusu. Hawakasiriki kabisa, maana na wewe umewaachia fungu lako.

Sasa nije kwenye lenyewe lililonifanya nifungue uzi huu.

Mgeni huku lazima awe na mwenyeji. Siyo wa kukuonyesha njia, hapana, wa kukusemea. Wangu alikuwa Mzee Loishiye wa Levolosi, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi na maneno mengi. Kiswahili alikipata kwa kutembea na misafara ujanani. Alinipa kibanda ndani ya boma lake la ng'ombe, cherehani yangu ikakaa barazani, na watoto wakawa wanakuja kuishangaa.

Siku hiyo hiyo ya kwanza akanikalisha, akaniuliza swali moja tu.

"Wewe Bakari, ulitahiriwa wakati gani?"

Nikashtuka. Kwetu hilo siyo swali la kuulizwa na mtu ambaye hata chai hamjanywa pamoja. Lakini nikajibu ukweli, kwa sababu mama yangu alikuwa akinikumbusha kila mara.

"Ulikuwa wakati wa nzige, mzee. Wale nzige wengi waliofunika jua."

Loishiye akaruka, akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Rika langu! Huyu ni rika langu! Na sisi ni wa wakati wa nzige!"

Kwa msiojua, Waarusha hawaulizani umri. Wanaume waliotahiriwa misimu inayokaribiana wanakuwa rika moja mpaka wafe. Rika ndilo linalosema ukae na nani, ule nyama ya wapi, nani akuinamie na wewe umwinamie nani. Mtu asiye na rika hata mahali pa kuweka kigoda hana.

Nilishangaa kidogo. Yeye ana mvi, mimi ndevu zangu zinaota kwa kubahatisha. Nikamgusia hilo.

"Watu wa pwani hamzeeki," akasema. "Ni ile chumvi ya huko."

Nikaona hoja ina nguvu. Na mimi, kusema kweli, napenda kuheshimiwa. Nikanyamaza.

Wakuu, nilikula bata! Morani, vijana wenye mikuki, vifua kama milango, walikuwa wakiniona wananipisha. Nyama ikichinjwa naletewa fungu la wazee, laini, halihitaji meno. Pombe ya asali sinywi, kwa hiyo fungu langu Loishiye alikuwa analimalizia yeye, na hiyo ikawa sababu nyingine ya kunipenda. Jioni tunakaa, yeye na vibuyu viwili, mimi na maziwa, tunawasema watu mpaka mbavu zinauma. Sijawahi kuwa na rafiki wa namna ile. Hata Pangani sijawahi.

Sasa mzee huyu ana binti. Anaitwa Naserian.

Kila asubuhi Naserian alikuwa ananiletea maziwa, halafu anainamisha kichwa mbele yangu nimguse utosini. Nilimgusa. Nikajisemea, hawa wasichana wa huku wana adabu iliyoje. Na moyoni nikaanza kuona kwamba mimi naletewa maziwa mengi kuliko mahitaji ya kawaida ya binadamu.

Alikuwa na ulimi. Siku moja ananikuta nimejikunja kwenye cherehani, meno yanagongana.

"Baba, mbona unatetemeka kuliko ndama wa jana?"

Hilo neno "baba" nililisikia vizuri. Lakini kwetu hata muuza maji unaweza kumwita baba kwa upole. Sikulitilia maanani. Nilicheka naye, na akawa anakuja hata wakati ambao hakuna maziwa, anakaa kwenye kizingiti anaangalia sindano inavyopanda na kushuka, ananiuliza bahari ikoje, ananibishia kwamba hakuna maji mengi kiasi hicho.

Nikapenda. Nisizunguke. Nilipenda mpaka nikamshonea askari mmoja suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Kwetu mtu akitaka kuoa hajipeleki mwenyewe, anatuma mshenga. Nikamtuma Mwinyi Juma, mpishi wa bomani, mtu wa Tanga mwenye maneno ya asali. Akavaa kanzu safi, akaenda kwa Loishiye. Mimi nikabaki kibandani nasikiliza kupitia ukuta.

Mwinyi Juma alianza kwa mbali sana. Akapitia ua, akapitia bustani, akapitia nyuki. Halafu akataja jina langu na la Naserian.

Kisha nikasikia kibuyu kinapasuka.

"Bakari anamtaka Naserian? Binti yake? Anamtaka binti yake?"

Mwinyi Juma alitoka pale akikimbia, kanzu ameishika mkononi, na mpaka leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

Loishiye akaja mlangoni kwangu. Sijawahi kumwona mtu ana hasira na huzuni kwa pamoja vile. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mtoto wa mwenzako wa rika ni mtoto wako. Ndiyo maana anakuinamia kichwa. Ndiyo maana anakuita baba. Kwa Waarusha, mwanaume anayemtaka binti wa mwenzake wa rika amefanya kitu cha aibu kuliko wizi, wazee wanaweza kumlaani, na mtu aliyelaaniwa hana atakayempa hata moto.

"Nimekula na wewe," akasema. "Nimekunywa pombe yako."

Nililia, wakuu. Mnaonicheka nichekeni, lakini nililia. Nilikuwa napoteza mke ambaye sijampata, na rafiki ambaye ninaye.

Wazee wakaitana, baraza likakaa kule Engutoto. Nikapelekwa. Wanaume wenye mvi wamekaa duara, fimbo mikononi, na mimi katikati na kofia yangu ya kufuma. Wakaanza kusema mmoja mmoja, na kila aliyesimama alikuwa mkali kuliko aliyekaa. Wa tatu au wa nne hivi alishafika kwenye suala la kunitoa Arusha nzima.

Hapo ndipo alipofika koko.

Koko ni bibi, mama yake Loishiye. Wanawake hawaingii kwenye baraza lile, lakini yule bibi nadhani ni mkubwa kuliko sheria. Alikuja na mkongojo, akapita katikati ya wazee, akanishika kidevu. Akaniangalia meno. Akanivuta shavu.

Akauliza kwa lugha yao, Loishiye akatafsiri huku uso ameugeuza pembeni.

"Anauliza, ulipotahiriwa ulikuwa unachunga ng'ombe au mbuzi?"

"Sikuwa nachunga kitu, koko."

"Ulikuwa umeshaua simba?"

"Simba! Nilikuwa hata kikoi sijui kufunga."

"Ulikwendaje mahali pa kutahiriwa?"

"Nilibebwa na mjomba mabegani. Mama akanipa halua ili ninyamaze."

Loishiye hakutafsiri mara moja. Alinigeukia, macho yamemtoka.

"Ulikuwa mtoto?"

"Sasa mzee, kwetu tunatahiriwa tukiwa wadogo. Kwani ninyi je?"

Hapo ndipo nilipojua. Huku anatahiriwa kijana aliyekomaa, anayekwenda kuwa morani. Mimi nilipoambiwa niseme wakati wangu nilisema, na wao wakahesabu kwamba wakati wa nzige nilikuwa mwanaume mzima kama wao. Ukweli wangu mtupu ulikuwa umenizeesha.

Loishiye akatafsiri. Akafika kwenye halua, akaeleza ni kitu gani kitamu.

Mzee mmoja akauliza, "Kisu kilipofika, alisimama bila kutikisika?"

Nikasema kweli. "Nililia mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakauliza kuna msiba gani."

Wakuu, wazee wale walicheka. Aliyetaka nifukuzwe ndiye aliyeanguka kwenye nyasi. Mwingine alikuwa anapiga ardhi kwa fimbo. Koko hakucheka, alisubiri wamalize, akasema neno moja tu la kumalizia, kwamba yeye ameshamuuliza msichana mwenyewe, na msichana amejibu kuwa amechoka kumwinamia mtu anayeogopa umande.

Hukumu ikatoka. Kutahiriwa nimetahiriwa, hilo halifutiki. Lakini uzee sikuupata kihalali. Nichague: nibaki na rika la Loishiye na heshima zangu zote, na Naserian abaki binti yangu mpaka kaburini. Au nishuke, niingie rika la vijana wa mwisho kabisa, nianze moja.

Nilichagua kabla hawajamaliza kusema.

Kushuka siyo mchezo. Wale morani waliokuwa wananipisha, kesho yake walinituma kuni. Siku nyingine nikabebeshwa ngozi mpaka Lemara na kurudi, nyuma yangu kuna watu wanaigiza kilio cha mtoto. Nyama laini nikaiaga. Sasa napewa shingo, naitafuna tangu adhuhuri mpaka alasiri.

Lakini nimeoa. Mwalimu wa madrasa anayekaa karibu na maaskari alisoma dua zake, wazee wakatubariki kwa maziwa yao, kwa hiyo nimeoa mara mbili kwa siku moja na mke ni yule yule. Naserian ananiita kwa jina langu sasa, tena kwa sauti ya kuamrisha. Anasema siku moja nitampeleka aone kama kweli maji ni mengi vile. Nina furaha, sifichi.

Kitu kimoja tu hawakuniambia pale barazani, au labda waliniambia nikawa sisikii.

Loishiye sasa ni mkwe wangu. Mkwe hataniwi. Mkwe hakai na mkwewe jioni wakawasema watu. Nikimwona njiani nainamisha kichwa, ananigusa utosini, anasema neno moja la baraka, anapita. Kazi imekwisha. Nimepata mke nimepoteza rafiki, na yeye yuko pale pale, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nasikia anakohoa.

Mwezi uliopita alimtuma mtu alete koti lake la kaki, nilishone. Nikaligeuza ndani na nje. Mshono wote mzima, kifungo hakuna kilicholegea. Nikamuuliza aliyelileta, pamechanika wapi? Akasema, mzee kasema fundi atapaona mwenyewe. Halafu akakaa chini, akasema mzee ameagiza pia nimweleze habari za bomani zote, nisiache hata moja, na kama kuna mtu wa kuchekwa nimtaje.

Nikafumua mshono wa bega mzima. Nikaushona upya polepole, huku nasimulia.

Limerudi tena juzi, koti lile lile.

Wakuu, nililojifunza ni hili: ukifika nchi ya watu, ukipewa kiti kizuri siku ya kwanza, uliza kwanza ukikikalia utakuwa nani wa nani. Mimi sikuuliza kwa sababu kilinipendeza.

Wenye uzoefu wa ukweni huku chini ya mlima Meru mje mnishauri: hivi kuna njia yoyote ya halali ya mtu kukaa na baba mkwe wake akacheka naye? Na wewe wa Pangani unayetaka kukomenti kuhusu ile halua, nakujua, nakujua na kwenu.