Neno la Kiingereza la Makombo

Nilimpikia bibi mmoja wa Kiingereza huko Diani miaka sita. Jina lake ninalo, na majina ya paka wake wanne ninayo yote, lakini hayo nayaweka moyoni. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye alikuwa mjane, na shughuli yake kutwa ilikuwa mafumbo ya maneno, yale ya kujaza herufi kwenye visanduku.

Siku ya kwanza alivuta kiti mezani akaniambia, "Karibu tule." Nikajibu, "Ahsante, nimeshiba," na njaa ninayo. Kwetu mtu hakubali mara ya kwanza, husubiri abembelezwe. Hakurudia. Nikala jikoni, yeye akala mezani, ukuta kati yetu, hata tukazoea.

Mwaka wa sita, adhuhuri moja ya mvua, aliniita nikimwekea sahani yake mezani. "Mama, njoo uone. Herufi tatu tu: ort." Akanieleza kuwa ni kombo, kile kinachobaki watu wakisha kula. Asili yake, alisema, ni zizini: majani aliyoyaacha ng'ombe. Baadaye neno likapanda mezani kwa watu, kisha likasahauliwa. "Kwetu vijana hawalijui. Limebaki humu kwenye mafumbo, na kwangu mimi."

"Sisi makombo twayajua vizuri," nikasema.

"Nayaona. Kila siku wapika cha watu watatu. Kwa nini?"

"Huenda mtu akaingia, bibi. Utamkaribisha kwa sufuria tupu?"

"Hapa haingii mtu." Akaiweka kalamu chini. "Nawe nilikukaribisha, ukakataa."

"Ulinikaribisha mara moja."

"Kwani huwa mara ngapi?"

"Mpaka nikubali."

Alinitazama hata nikaona haya. "Miaka yote hii nilidhani hunipendi."

"Nami nilidhani hutaki kukaa na mpishi."

Hakucheka. Alikwenda jikoni mwenyewe, akarudi na sahani yangu ya wali na samaki wa kupaka, akaiweka mkabala na yake. Nikakaa. Alikuwa akila polepole mno. Ilinibidi nijifunze kumngoja.

Tulikula hivyo mpaka mwisho wa masika, mpwa wake akaja kumchukua kumrudisha kwao. Macho ya bibi yalikuwa yamekwisha, haoni tena.

Sasa niko kwangu Msambweni, peke yangu. Jirani akiniita kula, naitika mara ile ile ya kwanza. Wanawake wanisema, "Bibi huyu hana haya." Na waseme. Siku nyingi hakuna anayeita.