Kamba ya Mafundo Saba

Baba alifika jua likielekea kuzama, na mimi ndiye niliyemwona kwanza, kwa sababu nilikuwa juu ya paa nikifukuza kuku kwenye uwele ulioanikwa. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa lake bapa la udongo, na ukiwa huko juu uliiona njia ya Mpwapwa mpaka inapopotelea kwenye miiba. Nilipiga ukelele, nikaruka chini bila kutafuta ngazi, nikachubuka goti, nikakimbia. Nilimfikia nikilia, na si kwa sababu ya goti.

Alikuwa akibeba mataruma kwenye reli ya Mdachi, iliyokuwa ikisogea kidogo kidogo kuja Dodoma. Hatukuwa tumemwona tangu mvua za kwanza. Sasa alikuwa amepewa ruhusa ya siku saba, na siku hizo alikuja nazo mkononi: kamba ya gome la mbuyu yenye mafundo saba. Ndivyo watu wetu walivyotunza siku. Kila asubuhi unafungua fundo moja, na kamba ikibaki tupu, safari imefika.

Mama alinyoosha mkono aipokee. Baba akanipa mimi.

“Itunze wewe, mwanangu. Kule kambini nahesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi. Hapa kwangu sitaki kuhesabu kitu. Siku utakayofungua la mwisho, niamshe niondoke.”

Kichwa kilinivimba! Mdogo wangu aliomba aishike tu, nikamnyima. Nilikuwa mchoyo, sikatai.

Jamani, zile siku! Asubuhi ya kwanza Baba aliruka kitandani kabla ya jogoo, akapapasa ukutani akitafuta koleo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. “Lala, baba watoto, hakuna reli humu ndani.” Akalala tena, akaamka jua limeshapanda, akala ugali wa uwele na mlenda, kisha akapanda juu ya paa akalala mara ya tatu. Sijapata kumwona mtu mzima akilala kwa bidii namna ile. Tulimkalia tumboni, tukamvuta masikio, naye akakoroma kwa makusudi.

Alikuwa ametuletea kipande cha sabuni. Tulikwenda nacho kwenye kisima cha mchangani, mtoni, tukajipaka mpaka tukawa weupe kama waliomwagikiwa unga. Mdogo wangu aliionja, akalia, halafu akaionja tena. Alasiri Baba alipiga zeze, na Mama, ambaye kwa kawaida maneno yake ni ya kuvuta kwa kamba, alitwanga huku akiimba. Nilimtazama nikaona kumbe mama yangu ni msichana.

Ndipo asubuhi ya nne nikaifanya kazi yangu vibaya. Nilifungua fundo, nikaiangalia kamba, nikaona mafundo yamebaki matatu tu, roho ikaniuma. Nikalifunga tena. Nilipogeuka, Mama alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Alinitazama, kisha akaenda kukamua. Nikajiambia hakuona.

Asubuhi ya saba nilifungua fundo, na moja likabaki. Baba aliiona kamba akafurahi. “Kumbe bado ninayo leo!” Mama akasema basi kuku achinjwe, tule pamoja kabla ya kesho. Nilikuwa namnyonyoa yule kuku, mjomba wangu, kaka yake Mama, alipoingia uani.

“Mbukwa, shemeji. Kumbe ruhusa yako ni ndefu? Maana yule jirani yangu wa relini alichelewa siku moja tu. Mdachi alimlaza mbele ya watu, viboko hamsa ishirini. Mpaka leo anakula amesimama.”

Baba alimkonyeza anyamaze. Hapo nilielewa kwamba adhabu hiyo alikuwa akiijua siku zote, na hakutaka kambi imfuate mpaka nyumbani. Manyoya yalinidondoka mkononi.

“Baba, leo ndiyo siku yenyewe,” nilisema. “Nililifunga tena fundo moja. Ulitakiwa kuondoka alfajiri.”

Mama, bila kuinua macho, akasema, “Nilimwona. Nilidhani siku moja si kitu.”

Nilingoja kofi. Nilitamani kofi. Baba alitazama jua, lililokuwa utosini, akachukua fimbo na kibuyu cha maji. Majina yangeitwa jioni ileile, na mwendo mpaka kambini ulikuwa wa mchana mzima. Alinishika kichwani mara moja, akatoka, na alipofika kwenye miiba alikuwa anakimbia. Mimi nilikuwa juu ya paa nikimtazama. Kuku tulimla bila yeye, na sikuonja. Nilitaka kumwongezea siku, na sasa miguu yake ndiyo ingelipa.

Siku tisa tulikaa hatujui. Mama alitwanga kimya, nami sikuthubutu kumwangalia. Siku ya kumi mjomba, aliyekwenda kuulizia habari, alirudi kutoka kambini, akanikuta uani, akanionea huruma. “Aliwahi,” alisema. “Alifika anachechemea, jina lake likiitwa.” Nilikimbia kumwambia Mama, tukashikana, tukaruka ruka pale kinuni kama vichaa.

Baada ya mavuno yaliyofuata Baba alikuja tena. Nilimwona kutoka paani, nikapiga ukelele, nikakimbia vilevile. Kamba ilikuwa mkononi mwake, mafundo saba. Nilificha mikono nyuma. Mama naye aliangalia pembeni. Baba akanigeuza taratibu, akaiweka kwenye kiganja changu, akakifumba.

“Hapa kwangu sitaki kuhesabu kitu,” alisema.

Nilifungua fundo kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso. La saba lilikuwa limekaza. Nililifungua kwa meno, kukiwa bado giza, nikaenda kumwamsha.